Jina la Kupanga

Wasikilizaji wa Butembo na Beni, aliye dukani apunguze kidogo kelele za jenereta, maana leo nina neno juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekiandika kwenye kibao cha duka, kwenye risiti, hata ubavuni mwa lori, na hamjawahi kuuliza ni cha nani.

Siku moja jirani yangu, mama mfanyabiashara wa vitenge na vyombo vya nyumbani, alikuja kwangu na kitabu cha risiti mkononi. Risiti mpya, zimetoka kuchapwa, wino unanukia.

"Papa, soma hapa chini."

Nikasoma. Jina la duka, namba mbili za simu, kisha anwani ya intaneti inayoishia na .com.

"Sasa ifungue kwenye simu yako."

Nikaifungua. Vitenge havipo. Sufuria hazipo. Kulikuwa na ukurasa mweupe wenye matangazo ya mikopo ya nyumba huko Marekani. Mama akanitazama kama mtu aliyekuta kufuli geni kwenye mlango wake. "Wameniiba," akasema.

Hakuna aliyemwiba. Muda wa jina lake ulikwisha na hakuna aliyelipa, basi. Yeye mwenyewe asingejua, kama si mtu wake wa Guangzhou kumpigia na kumwuliza kwa nini barua anazomtumia zinamrudia. Nilipotazama kwenye daftari la majina, ambalo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma, nikakuta siku 19 zimepita.

Hapo ndipo penye kosa letu sote. Tunasema "nimenunua jina". Kijana wa sibere, yule wa duka la intaneti, anakwambia "nipe dola 15 nikununulie jina", unatoa, unaamini limekuwa lako kama parseli yako ya ardhi kule Vulamba. Lakini jina la intaneti halinunuliwi. Linapangishwa. Jina la .com unalipanga kwa mwaka mmoja au zaidi, lakini si zaidi ya miaka 10 kwa mara moja. Kitabu kikuu cha majina yote ya .com kinashikwa na kampuni moja ya Marekani, Verisign, nasi tunalipanga kupitia wauzaji waliotapakaa dunia nzima. Kampuni kubwa kuliko zote nazo ni wapangaji kama mama wa vitenge.

Ndugu zetu wa Tanzania jina la namna hii wanaliita kikoa. Nililicheka neno hilo nilipolisikia mara ya kwanza, kisha nikaacha kucheka. Kula kikoa, kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, ni watu kula pamoja kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Sijui kama waliolichagua walifikiria hivyo, ila limekaa mahali pake: zamu yako ikipita bila wewe kuleta sufuria, mwingine anakaa kwenye mkeka.

Mtasema haya ni mambo ya wafanyabiashara wadogo wasio na enjenyeri. Basi nisikilizeni. Mwisho wa mwaka 2020, nchi yetu nzima ilipatwa na jambo lilelile la mama huyu.

Congo ina mwisho wake wa majina, .cd. Kabla ya hapo tulikuwa na .zr, ya Zaïre. Nchi ilipobadilisha jina mwaka 1997 tukapewa .cd, na ile .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Sasa, simu yako inapotafuta jina lolote linaloishia na .cd, kwanza inawauliza watu fulani wa njia panda. Nawaita watu, lakini ni kompyuta. Kazi yao ni kuonyesha kidole: pita huku, pita kule. Baadhi ya hizo kompyuta za .cd zilikuwa zikijulikana kwa jina la kupanga, scpt-network.com. SCPT mnaijua, ni Posta yetu na Simu. Na hilo jina, lililoshika njia panda za nchi ya watu zaidi ya milioni 90, liliachwa likaisha muda.

Aliyeliona ni Mswidi, Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo Detectify. Alikuwa akipitia orodha za namna hiyo, akaona jina limefika ukingoni, linangoja kufutwa. Lilipoachiliwa, akalichukua yeye. Hapo karibu nusu ya maswali yote ya .cd yangeweza kupita mikononi mwake. Angetaka, angewapeleka watu kwenye kurasa za uongo na kuchota maneno yao ya siri. Hakutaka. Alisema alilichukua ili asilichukue mtu mwenye roho nyingine, akalizuia lisijibu chochote, na .cd ikaendelea kutembea kwa kompyuta nyingine zilizokuwa Afrika Kusini. Tarehe 7 Januari 2021 aliwaandikia wahusika wa .cd. Baada ya siku chache wakarekebisha.

Walirekebishaje? Jina la zamani hawakulirudia. Walihamia scpt-network.net. Herufi tatu za mwisho zikabadilika, wakaendelea na safari. Serikali inaweza kufanya hivyo, kwa sababu jina lile lilikuwa la kompyuta kuongea na kompyuta, halikuchapwa kwenye risiti ya mtu.

Na msiicheke Congo peke yake. Desemba 1999 Microsoft, wenye pesa wale, walisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kufungulia barua za Hotmail. Barua za watu zikakwama siku za Noeli. Mtengeneza programu mmoja huko Marekani akatoa kadi yake mwenyewe, akawalipia dola 35, mambo yakarudi.

Sasa turudi kwa mama. Nilimwambia: bado lipo, tunaweza kulikomboa, ila tuhesabu siku.

Hesabu yenyewe ndiyo hii, nami nasema ya .com, .org na .net, kwa sababu miisho ya nchi, .cd ikiwemo, kila mmoja una sheria zake na ni lazima umwulize aliyekuuzia. Muuzaji analazimika kukukumbusha mara mbili kabla ya muda kuisha, kama mwezi mmoja na kama wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Jina likishakwisha, wengi wanakuachia mwezi hivi, wengine hadi siku 45, ulipe kwa bei ya kawaida. Lakini angalia, si wote. Wapo wanaolipeleka mnadani katika siku hizohizo. Baada ya hapo zinaingia siku 30 za ukombozi. Hapo jina limeshafutwa nusu, na anayeweza kulirudisha ni aliyekuwa nalo tu, kupitia muuzaji yuleyule, kwa bei ya kuumiza: mara nyingi dola 80, 100, hadi 200. Zikipita, jina linakaa siku 5 ambazo hakuna anayeligusa, hata mwenyewe akilia. Kisha linaachiliwa. Na usidhani utaamka alfajiri ulichukue. Kuna watu wana programu zinazongoja majina mlangoni, zinayadaka ndani ya sekunde moja. Wanayapenda hasa majina ya zamani, ambayo kurasa nyingine bado zinayataja. Ndiyo maana unafungua ukurasa wa shirika la wajane unakuta kamari.

Mama akaniuliza swali zuri: "Hizo barua za kukumbusha alitumiwa nani?"

Alitumiwa kijana. Miaka 6 iliyopita mama alimpa kijana wa sibere kazi, na kijana akaandikisha jina kwa barua pepe yake mwenyewe, jina lake mwenyewe, namba yake ya simu. Hakukusudia ubaya. Ilikuwa rahisi hivyo, na mama hakuwa na barua pepe wakati ule. Lakini kwa muuzaji aliye ng'ambo, mwenye jina ni yule aliyeandikwa. Risiti zako, kibao chako, miaka yako 6 ya kuwalisha watoto kwa duka hilo, kwake si kitu. Tena ninyi watu wa Butembo mnalijua hili kuliko mimi, kwa sababu kesi za parseli mmezisikia tangu utoto: mmoja anajenga, mwingine ana karatasi.

Na kijana alikuwa wapi? Kampala. Tulipata namba yake kwa mama yake mzazi, Beni, kupitia kwaya ya parokia, siku ya 27 tangu jina kuisha.

"Jambo Papa. Lo, mimi nilisahau kabisa. Kumbe bado anatumia?"

"Anatumia, kijana wangu. Fungua barua pepe yako ile."

"Haifunguki, Papa. Inataka kutuma namba kwenye simu, na ile SIM nilishaitupa Kasindi nikivuka mpaka."

Hapo ndipo majina yanapofia, wasikilizaji. Filamu zinatuonyesha wezi wa kompyuta waliofunika uso. Kwetu jina linafia kwenye SIM iliyotupwa Kasindi. Na sehemu hizi zetu zinazidisha. Watu wanahama ghafla. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 yaanze pande za Beni, ni familia ngapi zimefungasha usiku? Tangu Goma ianguke Januari 2025, ni ofisi ngapi zimekuja kufunguliwa upya hapa na Beni, kompyuta zimebaki huko, namba za benki zimebaki huko? Kumbukeni pia 31 Desemba 2018. Uchaguzi kwetu Beni na Butembo ulikuwa umesogezwa hadi Machi, na intaneti ya nchi nzima ikakatwa karibu siku 20. Aliyekuwa na jina la kulipia katika siku zile, angelipa kwa njiwa?

Kuna mtego mwingine, ambao ulilinasa shirika moja dogo lililotoka Goma. Wao walikuwa waangalifu, waliandikisha kwa barua pepe ya shirika. Lakini barua pepe hiyo ilikaa juu ya jina lilelile. Jina likaisha, barua pepe ikazimika nalo, na kila walipoomba neno jipya la siri, lilitumwa kwenye sanduku lililokufa. Wamefungia ufunguo ndani ya nyumba. Waliokolewa na karatasi tu: kitambulisho cha msimamizi, hati ya shirika, risiti ya malipo ya kwanza, na barua iliyotiwa sahihi. Waliweka na kashe tatu, mihuri ile, kwa desturi yetu. Sidhani muuzaji alizitazama kashe hizo, lakini hazikudhuru.

Kijana wetu alihangaika na barua pepe yake. Akajaza fomu, akakumbuka mwaka aliofungua, akakumbuka neno la siri la zamani, akaipata siku ya 33. Muuzaji huyu alikuwa ameacha siku 30. Bei ikaruka kutoka dola 15 hadi 130.

"Dola 130? Kwa jina langu mwenyewe?" mama akasema. Kisha akauliza lile ambalo Posta na Simu walilifanya: kwa nini tusichukue jina jingine, tubadilishe mwisho?

Nilimpinga. Jina likiwa ni la ukurasa wa picha tu, liache, chukua jingine, okoa pesa. Lakini mama alikuwa akipokea barua za biashara juu ya jina lile. Likienda kwa mtu mwingine, mtu huyo anafungua sanduku lilelile na kungoja. Fakitire ya Guangzhou inatuma hesabu ya mzigo, anaisoma yeye. Anaweza kuwajibu kwa jina la mama, na kumwandikia mteja wa mama wa Kasindi kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mlango hakuvunja, ameupanga. Dola 130 si kitu mbele ya kontena moja.

Kulipa nako ni safari. M-Pesa na Airtel Money zinanunua mengi hapa, lakini muuzaji yule wa ng'ambo hazijui. Anataka kadi ya Visa. Mama akatafuta mpwa mwenye kadi, akampa dola taslimu, noti safi zisizochanika, mnajua wenyewe. Jioni hiyohiyo kijana akabonyeza Kampala, na siku ya pili kitenge cha kwanza kikaonekana tena kwenye simu.

Mama akataka kuondoka. Nikamwambia kaa, bado jina ni la kijana.

Kuhamisha jina ni mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Moja ni kubadilisha mwenye jina. Jingine ni kulitoa kwa muuzaji huyu kwenda kwa muuzaji yule. Hilo la pili linafanywa kwa namba ya siri. Ninyi wa Butembo hamhitaji maelezo: ni kama agence zetu za kutuma pesa. Unatoa dola hapa, unapewa namba, ndugu yako Dubai anaitaja namba, anapokea. Anayeishika namba ndiye mwenye mzigo, kwa hiyo haitumwi ovyo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Unafungua kufuli ya jina kwa muuzaji wa zamani, unaomba namba, naye analazimika kukupa ndani ya siku 5. Unampa muuzaji mpya, unalipa, jina linahama kwa siku chache na kuongezewa mwaka mmoja. Ila jina lililoandikishwa sasa hivi, au lililohama sasa hivi, linafungwa siku 60. Na tangu Desemba 2016, kubadilisha mwenye jina au barua pepe yake nako kunaweza kulifunga siku 60 usilipeleke kwa muuzaji mwingine, isipokuwa umekataa kufungwa huko kabla.

Kwa hiyo mtu mwenye haraka ya kuhamia muuzaji wa bei nafuu apange hatua zake vizuri. Mama hakuwa na haraka. Tulimwacha kwa muuzaji yuleyule. Yeye akafungua akaunti yake, kijana akalisukuma jina kutoka akaunti moja hadi nyingine, kila mmoja akathibitisha kwa barua pepe yake. Nikamwambia ajaze pia nafasi ya shirika, aandike jina la duka kama lilivyo kwenye RCCM, daftari la biashara, kwa sababu nafasi hiyo ikijazwa, shirika ndilo linalohesabiwa kuwa mwenyewe. Barua pepe ni ya nje, haikai juu ya jina. Namba ya simu ni ya binti yake, ambaye amemaliza shule na hana mpango wa kwenda Kampala.

Na kama kijana angekataa, akasema nipe dola 500? Wapo. Hapo ungebaki na mazungumzo ya wazee, ambayo mimi nayaamini kuliko mengine yote, au baraza la usuluhishi, kama lile la WIPO la Geneva: dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja. Huko lazima uonyeshe kwamba jina linafanana na alama yako ya biashara, kwamba aliyenalo hana haki nalo, na kwamba alilichukua na kulitumia kwa nia mbaya. Alama ya biashara yenyewe kwetu inaandikishwa Kinshasa, wizara ya viwanda, kwa sheria ya mwaka 1982. Congo haimo kwenye ule muungano wa nchi za Kifaransa wenye ofisi Yaoundé. RCCM yako itasaidia kuonyesha wewe ni nani, lakini si alama. Hesabu safari ya Kinshasa, hesabu mwanasheria. Mpigie kijana simu, mwulize habari za masomo.

Huyu wetu hakuomba kitu. Mama mwenyewe alimtumia dola 20 na kumwambia anunue SIM, asiitupe.

Barua zilizorudi Guangzhou katika siku zile hazikuja tena, zilishakufa. Ya kwanza kuingia kwenye sanduku lililofufuka ilikuja siku mbili baadaye, kwa Kiingereza, kutoka China. Mama alikimbia kwangu na simu, mikono inatetemeka. Mtu anayejiita mkuu wa ofisi ya majina aliandika kwamba kampuni fulani ya kwao inataka kuandikisha jina la duka la mama kwa mwisho wa .cn, na kwamba yeye, kwa heshima, anampa mama nafasi ya kulipa kwanza.

"Papa, na huyu naye?"

Nikamwambia huo ni utapeli wa miaka mingi, umezunguka dunia nzima. Hakuna kampuni, hakuna anayelitaka jina lake huko. Hakuniamini. Akamtumia barua hiyo mtu wake wa Guangzhou, ambaye kabla hatujamaliza chai alijibu kwa ile picha ya uso unaocheka mpaka machozi, mara tatu, na chini yake akauliza ule mzigo wa sufuria unalipiwa lini.